Kambi, Msikiti na Soko: Kuinuka na Kuanguka kwa Nguvu ya Wanubi katika Arua na Koboko, na Urithi Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Wanubi wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tangu kambi za jimbo la Equatoria katika miaka ya 1870 hadi sasa. Inadaiwa kwamba, ingawa eneo hili halikuwa na nasaba ya kifalme, lilipata tabaka la kijeshi lenye dini, lugha na adabu zake, ambalo lilipanda hadi kushika dola ya Kampala na kuporomoka mwaka 1979. Kinubi na Kiswahili vilipanda pamoja na tabaka hilo, lakini havikushuka kwa namna moja. Tofauti hiyo ina uzito kwa utekelezaji wa sera ya Kiswahili nchini Uganda.

Utangulizi

Historia za tawala za kale huandikwa kwa mpangilio unaofahamika. Mwanzilishi hujitokeza, warithi hupanua mipaka, elimu na sanaa hustawi chini ya ufadhili wao, kisha udhaifu wa ndani na adui wa nje huikomesha nasaba. Ndivyo inavyosimuliwa Kilwa ya masultani, na ndivyo inavyosimuliwa pia nasaba ya Pala ya Bengal, iliyoanza kwa Gopala katikati ya karne ya 8 na kufifia katika karne ya 12. Wafalme wa Pala walikuwa Wabudha. Walikifadhili chuo cha Nalanda walichokikuta, na mmoja wao, Dharmapala, akaanzisha kingine huko Vikramashila. Utawala wao ulipokwisha, vyuo hivyo havikudumu. Hata hivyo, mafundisho yaliyokuzwa humo yalikwisha kuvuka milima ya Himalaya pamoja na wanazuoni kama Atisha, aliyefika Tibet yapata mwaka 1042, na huko yakaendelea kuishi. Kwa mtafiti wa lugha kisa hiki kina manufaa ya kimbinu: mwisho wa utawala na mwisho wa utamaduni ulioletwa na utawala huo ni matukio mawili, na si lazima yatokee mahali pamoja wala wakati mmoja.

Arua na Koboko hazina nasaba ya namna hiyo. John Middleton, aliyewachunguza Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza jamii ya koo ndogo zilizojitawala, kila ukoo ukiwa na mzee wake. Mtu aliyeitwa opi aliheshimiwa hasa kwa sababu ya mvua na upatanishi. Hakuwa na jeshi wala baraza la mawaziri. Kwa Wakakwa wa Koboko, ambao lugha yao ni tawi la Kibari na ambao leo wamegawanywa na mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, cheo cha matat nacho hakikuwa ufalme. Mamlaka ya kwanza yenye bunduki, kodi na daftari ilitoka nje. Iliposhika mizizi ilizaa watu, na watu hao ndio wanaojadiliwa hapa.

Kutoka Lado hadi Wadelai

Mwaka 1869 Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alimtuma Samuel Baker kwenda kuziweka chini ya bendera ya Misri nchi za Mto Naili wa juu. Charles Gordon alichukua nafasi yake mwaka 1874. Mwaka 1878 ugavana ukamfikia Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Silesia ambaye jina lake la awali lilikuwa Eduard Schnitzer. Jimbo liliitwa Equatoria, na kwa vitendo lilikuwa mnyororo wa vituo vya kijeshi kando ya mto: Lado, Rejaf, Dufile, Wadelai. Viwili vya mwisho vimo ndani ya mipaka ya Uganda ya leo.

Askari wa vituo hivyo hawakuwa Wamisri ila wachache. Wengi walikuwa vijana wa kusini mwa Sudan, Wadinka, Wabari, Wamakaraka na wengineo, na sehemu kubwa yao waliingia jeshini kupitia utumwa. Wake zao walitoka katika jamii zilizozunguka vituo, baadhi kwa ndoa na baadhi kwa kutekwa. Mark Leopold, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya West Nile, anasisitiza kwamba historia ya eneo hili haieleweki bila kuanzia kwenye utumwa huo, na ushahidi unamuunga mkono. Jina lenyewe la Wanubi linapotosha, kwa kuwa ni wachache sana kati yao waliokuwa na asili ya Nubia. Lilikuwa jina la kazi kabla ya kuwa jina la kabila.

Khartoum ilipotwaliwa na wafuasi wa Mahdi tarehe 26 Januari 1885, Equatoria ilikatwa na ulimwengu. Emin alihamishia makao yake Wadelai. Mwezi Agosti 1888 askari wake walimwasi na kumzuia Dufile, Fadl el Mulla akiwa miongoni mwa viongozi wao. Miezi michache baadaye askari haohao walipigana na Wamahdi palepale Dufile. Henry Morton Stanley alipoondoka na Emin kuelekea Bagamoyo mwaka 1889, sehemu kubwa ya jeshi ilibaki. Fadl el Mulla alikaa kaskazini na hatimaye akapatana na maafisa wa Dola Huru ya Kongo. Selim Bey alikaa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na huko ndiko Frederick Lugard alikomkuta mwaka 1891. Lugard aliondoka na umma wa watu wapatao 8,000, askari wakiwa sehemu ndogo tu na waliosalia wakiwa wanawake, watoto na watumishi. Uwiano huo unastahili kukumbukwa, kwa sababu umma wenye wanawake na watoto wengi kiasi hicho ulikuwa tayari jamii inayohama, yenye lugha ya kulelea watoto. Jeshi lilikuwa sehemu yake moja.

Kuanzia hapo Waingereza waliwahitaji Wanubi na kuwahofu kwa wakati mmoja. Walitumika kuilinda Himaya ya Uganda. Mwaka 1897 waliasi, wakamuua Meja Thruston katika ngome ya Luba huko Busoga. Na baada ya maasi kuzimwa waliandikishwa tena. King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, kikosi chake cha nne, cha Uganda, kilirithi askari hao pamoja na vyeo vyao.

Nchi ya Arua na Koboko yenyewe ilikuwa mikononi mwa wengine. Kwa mkataba wa Mei 1894 eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa muda wa maisha yake. Alipofariki Desemba 1909 eneo likarejeshwa Sudan mwaka 1910, na katika miaka hiyo ya kupokezana wawindaji wa tembo waliingia bila kizuizi cha maana. Sehemu ya kusini ilihamishiwa Uganda mwaka 1914. Mkuu wa kwanza wa wilaya, A. E. Weatherhead, akaweka kituo Arua.

Ngazi ya vyeo na maji ya Yakan

Utawala mpya haukumpata mfalme wa kupatana naye, kwa hiyo ulilazimika kutengeneza wakubwa. Waliowekwa mwanzoni walikuwa watu waliokwisha kuizoea serikali, na kuizoea serikali katika nchi hiyo kulimaanisha kujua Kinubi, kuvaa kanzu na kusimama kiaskari. Majina ya vyeo yaliyoenea yanaisimulia historia hiyo vizuri kuliko ripoti nyingi. Palikuwa na sultani, wakili na nyapara, na kutoka Buganda akaja mukungu. Cheo cha Kiarabu kilichopitia Sudan na neno la misafara ya pwani viliwekwa juu ya jamii ambayo haikuwa na neno la mtoza kodi.

Jamii hiyo haikukaa kimya. Nabii wa Kikakwa aliyeitwa Rembe aligawa maji ya Yakan, yaliyoaminiwa kumkinga mnywaji dhidi ya maradhi na kifo na kuzigeuza risasi kuwa maji. Msomaji wa historia ya Tanganyika atakumbuka mara moja Maji Maji ya mwaka 1905. Rembe alikamatwa na kunyongwa Yei mwaka 1917, lakini Yakan haikuisha, na mwaka 1919 ilizusha ghasia zilizozimwa kwa nguvu katika Ulugbara. Baada ya hapo utawala ulianza kuwategemea zaidi wenyeji kama machifu, huku Wanubi wakibaki katika miji na katika jeshi.

Utamaduni wa kambi

Holger Bernt Hansen, katika makala yake ya mwaka 1991, amewaeleza Wanubi kama wahamiaji waliogeuka watumishi wa ukoloni. Maelezo hayo ni sahihi kwa siasa. Kwa utamaduni hayatoshi, kwa sababu hayaonyeshi jinsi kundi dogo lilivyoweza kuwavuta wengi. Unubi ulikuwa mlango. Kijana wa Kikakwa, wa Kilugbara au wa Kiaringa aliyesilimu, akajifunza Kinubi, akaoa katika nyumba ya Kinubi na kuishi mjini, watoto wake walihesabiwa kuwa Wanubi bila kuulizwa nasaba. Katika nchi ambamo mtu alikuwa mtu kwa ukoo wake, hili lilikuwa jambo geni na lenye mvuto, hasa kwa wale ambao ukoo haukuwapa kitu.

Uislamu ulikuwa kiini cha mlango huo. Mtoto alianza chuoni kwa kusoma Kurani, na Ijumaa ndiyo iliyopanga wiki. Lakini waliouhifadhi utamaduni katika maisha ya kila siku walikuwa wanawake. Wao ndio waliofunga gurbaba kiunoni, waliosuka vifuniko vya vyakula kwa ukindu wa rangi nyingi, waliopika kisra, ule mkate mwembamba wa mtama unaofahamika kote Sudan, na waliocheza doluka katika harusi. Askari alihama kila mkataba wake ulipotaka. Nyumba ilibaki na mama, na lugha ilibaki naye. Historia za kijeshi, ambazo ni nyingi, humtaja mwanamke wa Kinubi kama mfuasi wa kambi. Kwa historia ya lugha yeye ndiye mhusika mkuu.

Kinubi ni krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu cha Sudan na Misri, na ndugu yake wa karibu ni Kiarabu cha Juba. Bernd Heine alichapisha maelezo ya Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na Ineke Wellens akachapisha maelezo ya Kinubi cha Uganda mwaka 2005. Sehemu kubwa ya msamiati wake ni ya Kiarabu, ila sarufi imejengwa upya. Kitenzi hakibadiliki kufuatana na nafsi kama ilivyo katika Kiarabu; nafsi huonyeshwa kwa kiwakilishi, na njeo kwa viambishi vifupi. Ana ruwa ni nilikwenda. Ana gi-ruwa ni ninakwenda. Ana bi-ruwa ni nitakwenda. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona viambishi vikitangulia mzizi wa kitenzi, hapati tabu kuuelewa mpangilio huu. Sauti za kooni na zile nzito ambazo huwasumbua wanafunzi wa Kiarabu zimeondoka. Ni lugha iliyotengenezwa na watu wa lugha nyingi waliopaswa kuelewana haraka, kisha ikarithiwa na watoto ambao hawakuwa na nyingine.

Mchango wa kambi hizo kwa Kiswahili ni mkubwa kuliko inavyokiriwa. Vyeo vya kijeshi vya Kituruki na Kimisri, kama vile ombasha, shaushi na efendi, vilikuwa vyeo rasmi vya King's African Rifles. Vilifika Afrika Mashariki kwa njia mbili: kwa askari wa Equatoria waliochukuliwa na Waingereza, na kwa askari wa Kisudani ambao Hermann Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889 kwa ajili ya vita vya Wajerumani katika pwani ya Tanganyika. Ombasha na shaushi vimebaki katika kamusi. Efendi amekuwa afande, na hakuna kituo cha polisi kati ya Arua na Mtwara ambako neno hilo halitamkwi kila siku.

Kadiri vikosi vya makoloni mbalimbali vilivyochanganywa, Kinubi kiliachia nafasi yake jeshini kwa Kiswahili. Kiswahili hicho cha askari kiliitwa Kikeya, jina lililotokana na herufi za King's African Rifles. Kilikuwa na upatanisho mdogo wa ngeli na amri nyingi. Walimu wa sarufi walikidharau. Hata hivyo ndicho Kiswahili ambacho mamia ya familia za Arua na Koboko zilikipokea kwanza, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliifanya West Nile kuwa nchi ya kutoa watu: vibarua kwa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na vijana kwa jeshi. Katika kusini mwa Uganda mambo yalikuwa tofauti. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani na wamisionari wengi walikuwa upande wake. Kufikia mwaka 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha za shule, isipokuwa kwa watoto wa polisi. Uamuzi huo ulikiacha Kiswahili bila mwalimu, kikabaki na sajini.

Miaka minane

Tabaka hili lilifika kileleni kupitia mtu mmoja. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara, aliingia King's African Rifles mwaka 1946, akawa efendi mwaka 1959 na ofisa kamili mwaka 1961. Tarehe 25 Januari 1971 aliipindua serikali ya Milton Obote. Kisa chake kimeandikwa mara nyingi na hakina haja ya kurudiwa, isipokuwa pale kinapogusa hoja hii.

Unubi, uliokuwa mlango wa wanyonge, uligeuka kuwa mlango wa dola. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maduka na nyumba zao vilikwenda kwa askari na jamaa zao, na matajiri wapya wakaitwa mafuta mingi. Tungo hilo lisilofuata ngeli ni Kikeya kitupu, na pengine ndilo tungo la Kiswahili lililoenea kuliko yote Uganda katika miaka hiyo. Lakini ni kosa kudhani kwamba West Nile nzima ilitawala. Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliuawa mwaka 1974. Mwaka huohuo Charles Arube, Mkakwa wa Koboko, alifia katika jaribio la kumpindua Amin. Wakulima wa tumbaku wa Arua hawakupata maduka ya Kampala. Waliokuwa ndani walikuwa wachache, waliounganishwa na kambi, msikiti na Kinubi, na hata wao walichinjana.

Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, baada ya wawakilishi wa wilaya 12 kati ya 20 kukichagua badala ya Kiganda. Kwa takwimu hiyo ilikuwa hatua yenye uhalali kuliko nyingi alizozichukua. Tatizo lilikuwa mahali ilikotoka. Amri haikuandamana na walimu, vitabu wala mitihani. Kiswahili kilisikika redioni na katika vizuizi vya barabarani, na raia wa kusini walikisikia zaidi katika vizuizi.

Kuanguka

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Waganda waliwaita askari hao wakombozi, kwa Kiswahili, jambo ambalo wanahistoria wa lugha hawajalipa uzito unaostahili. Lugha ya mtawala aliyeondolewa na lugha ya waliomwondoa ilikuwa moja, nayo ilitamkwa kwa lafudhi mbili.

Kwa Arua na Koboko msiba ulikuja baadaye. Mwezi Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliingia kutoka Sudan na Zaire, na jeshi jipya la Uganda, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa jeshi hilo. Waliouawa hawakuulizwa kama ni Wanubi. Adhabu ya tabaka dogo iliangukia mkoa mzima, pamoja na wale ambao tabaka hilo halikuwapa chochote lilipokuwa na nguvu. Sehemu kubwa ya wakazi walivuka mpaka. Barbara Harrell-Bond aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1986, juu ya maisha ya wakimbizi wa Uganda katika eneo la Yei. UNLA nayo iliendesha shughuli zake kwa Kiswahili, na huko Kampala misako yake iliitwa panda gari. Mtu wa Arua aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1981 alikuwa amesikia Kiswahili kinywani mwa kaka yake aliye jeshini, kinywani mwa mkombozi na kinywani mwa muuaji.

Kilichobaki

Hapa ndipo njia za Kinubi na Kiswahili zilipoachana. Kinubi kilipoteza kambi na ikulu kwa mara moja, kikarudi nyumbani kwa wanawake waliokilea tangu mwanzo. Wanubi wamo katika jedwali la tatu la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, linaloorodhesha jamii za wenyeji waliokuwamo nchini kufikia tarehe 1 Februari 1926. Kwa jamii iliyoitwa ya wageni kwa miaka mia moja, na iliyobebeshwa lawama zote za miaka ya 1970, kuorodheshwa huko si jambo dogo. Hata hivyo mlango uliokuwa wazi umepungua upana. Kijana wa Kikakwa wa leo hapati faida ya dhahiri kwa kuwa Mnubi, na asiyezaliwa ndani haingii kwa urahisi kama babu yake.

Kiswahili kilichukua njia nyingine, ambayo watunga sera hawakuipanga. Waliokimbilia Zaire walirudi kuanzia mwaka 1986 wakiwa na Lingala na Kiswahili cha Kongo. Waliokimbilia Sudan walirudi na Kiarabu cha Juba. Walirudi pia na jamaa, wadeni na wateja ng'ambo ya mpaka. Biashara ya Arua ilijengwa juu ya mahusiano hayo. Wauza petroli ya magendo waliojulikana kama Opec Boys walitoka katika kizazi hicho, na wafanyabiashara wakubwa wa mji wanaendesha bidhaa kupitia Vurra hadi Ariwara upande wa Kongo, na kupitia Oraba hadi Kaya upande wa Sudan Kusini. Kiswahili cha njia hizo hakina cheo. Hakimhofishi mtu, kwa sababu anayekitumia anataka kuuza. Katika Arua mitaa miwili ya eneo la River Oli inaitwa Tanganyika na Kenya, na wakazi hawaoni ajabu yoyote katika majina hayo.

Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa maagizo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hiyo, pamoja na kufundishwa kwa lazima shuleni. Mjadala uliofuata Kampala ulirejea hoja za zamani: hii ni lugha ya askari na wezi. Wanaotetea Kiswahili huwa wanaijibu hoja hiyo kwa kutaja idadi ya wazungumzaji barani Afrika. Jibu hilo halimgusi mtu aliyesimamishwa kizuizini mwaka 1977. Ingefaa zaidi kukubali kwamba hoja ina msingi wa kihistoria, kisha kuonyesha kwamba katika West Nile, ambako kumbukumbu ya bunduki ni nzito zaidi, lugha hiyohiyo imeshatoka kambini bila msaada wa serikali.

Yapo mambo mawili ya kisera yanayofuata moja kwa moja kutoka katika historia hii. La kwanza ni mwalimu. Mitaala ikifika Koboko na Yumbe kwa Kiswahili sanifu pekee, huku mwanafunzi akikijua Kiswahili cha soko, mwalimu atakuta darasa linalozungumza lugha ambayo kitabu kinaihesabu kuwa kosa. Mwalimu anayeyajua makosa hayo yana historia gani, na kwamba mafuta mingi ni mfano wa sarufi ya Kikeya, atayafundisha mafuta mengi kwa wepesi zaidi.

La pili linahusu wakimbizi. Tangu mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vimeleta West Nile mamia ya maelfu ya watu. Makazi ya Bidibidi huko Yumbe peke yake yana zaidi ya 200,000. Wengi wanazungumza Kiarabu cha Juba, na Mnubi wa Koboko anaelewana nao bila mkalimani. Lugha iliyozaliwa katika mnyororo wa vituo vya Lado, Dufile na Wadelai imekutana tena na ndugu yake, safari hii katika foleni ya zahanati na ya mgao wa chakula. Hakuna sera ya lugha ya Uganda inayoitaja. Uganda na Sudan Kusini zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Sudan Kusini, iliyojiunga mwaka 2016, inatarajiwa nayo kukipokea Kiswahili. Sheria ambayo Katiba inaisubiri kutoka Bungeni ingeweza kuyaanza mazingira hayo hapo Oraba, katika dirisha la forodha, ambako ofisa, mchuuzi wa Kikakwa na mkimbizi kutoka Yei wanahitaji fomu moja ambayo wote watatu wanaweza kuisoma.